Kupiga kambi na mbwa Bukoba na Muleba: mambo ya kujua kabla ya kuondoka nyumbani

Inapofika Juni, mvua za masika zikishakatika, watu wa Bukoba na Muleba huanza kutoka. Vijana hupanda uwanda wa Kamachumu kulitazama ziwa kutoka juu, familia huenda ufukweni, wengine huvuka kwenda visiwani. Desemba ni hivyohivyo, wana wa Kagera wanaporudi nyumbani kwa sikukuu kutoka Mwanza, Dar es Salaam na Kampala, na siku hizi baadhi yao hurudi na mbwa ndani ya gari. Hapo ndipo maswali yanapoanza kuingia kwenye simu ya studio. Je, mbwa anaruhusiwa hifadhini? Anaweza kupanda boti? Akimuuma mtoto wa watu huko kambini tufanyeje?

Tunajibu maswali hayo hapa. Ukurasa huu uhifadhi kwenye simu yako kabla hujaondoka, kwa sababu huko rweya na visiwani mtandao hupotea, na hasa saa ile unapouhitaji.

Wapi anaruhusiwa na wapi haruhusiwi

Tuanze na jibu ambalo wengi hawalipendi. Mbwa haingii Hifadhi ya Taifa. Kwa mkoa wetu na jirani zetu hiyo ina maana Burigi-Chato, ambayo kwa upande mmoja inaingia hadi Muleba kwenye Ziwa Burigi, pamoja na Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Zote tatu zilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa mwaka 2019. Ina maana pia Rubondo, kisiwa kilicho hifadhi tangu 1977. Hata kama umelipa kiingilio, hata kama mbwa wako ni mpole na amefungwa kamba, geti halitafunguliwa kwa ajili yake. Mbwa pekee utakaowakuta katika baadhi ya hifadhi nchini ni wale wa askari, waliofundishwa kunusa meno ya tembo na silaha.

Watu husema huo ni ukali usio na sababu. Sababu ipo. Mwaka 1994, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, ambao madaktari wa mifugo huuita distempa, uliingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, yaani karibu theluthi ya simba wote wa huko. Virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa aliyeubeba ugonjwa huo anaweza kuonekana ana mafua tu. Mbwa mwitu nao wamewahi kuuawa na kichaa kilichotoka kwa mbwa wa nyumbani. Kwa hiyo mhifadhi anapomkataa mbwa wako, hamkatai kwa sababu ya tabia yake bali kwa sababu ya mate na pumzi yake.

Kuna jambo la pili ambalo limewaingiza vijana kwenye matatizo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu kuwinda kwa kutumia mbwa kuwa njia haramu ya kuwinda. Ukikutwa karibu na mpaka wa hifadhi au pori, una mbwa wawili watatu, panga na tochi usiku, itakuwa kazi kumshawishi askari kwamba mlienda kutazama mandhari. Ukipiga kambi upande wa Burigi, kaa mbali na mpaka, na mbwa mwache nyumbani. Huo ndio ushauri wetu na hatuupunguzi.

Misitu ya hifadhi na mashamba ya miti ya serikali yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Humo huingii kulala bila kibali, uwe na mbwa au usiwe naye. Msitu wa Minziro, kule Missenyi mpakani na Uganda, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia na una taratibu zake. Uliza ofisi ya TFS kabla ya kufunga mizigo.

Kinachobaki ni kingi, na kwa maoni yetu ndicho kizuri zaidi. Kuna ardhi ya vijiji, fukwe, na rweya. Kwa asiye mwenyeji wa huku, rweya ni ile nyika ya majani iliyo wazi kati ya kijiji na kijiji, pale ambapo migomba ya vibanja inaishia. Juu ya magenge ya Bukoba na kwenye uwanda wa Kamachumu, rweya huishia ukingoni na ziwa linaonekana lote chini yako. Sisi tuko magharibi ya ziwa, kwa hiyo jua linachomoza kutoka majini. Mtu aliyelala hapo usiku mmoja anajua kwa nini watu hupanda. Kuna Ziwa Ikimba, Bukoba Vijijini. Kuna kisiwa cha Musira mbele ya mji wa Bukoba, na visiwa vya Muleba: Bumbire, Ikuza, Goziba, Mazinga na vingine. Nyumba za wageni na fukwe za watu binafsi zina masharti yao. Piga simu kwanza useme wazi kwamba una mbwa, usisubiri kufika mlangoni.

Rweya si ardhi isiyo na mwenyewe. Kuna wanaochunga hapo, wanaokata majani ya kutandaza kwenye migomba, na kuna maeneo yenye makaburi au matambiko. Ukifika, anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji. Jitambulishe, sema mko wangapi, mtalala siku ngapi, na kwamba mna mbwa. Hilo la mwisho usilifiche. Mzee wa kijiji akijua mapema atawaambia wachungaji, na mchungaji aliyeambiwa hatamrushia mbwa wako jiwe. Mbwa akimfukuza mbuzi mwenye mimba hadi akaharibu, au akaua kuku, utalipa, na ni haki ulipe.

Chanjo, na kwa nini wiki moja haitoshi

Mbwa asiyechanjwa dhidi ya kichaa asitoke nyumbani kwenda kambini. Tunaandika hivi tukijua kwamba wengi hukumbuka chanjo siku mbili kabla ya safari. Chanjo ya kwanza huhitaji muda mwilini; kwa kawaida mbwa huhesabiwa amekingwa baada ya takriban mwezi mmoja. Kama safari ni Julai, mpeleke mwanzoni mwa Juni. Baada ya hapo hurudiwa kila mwaka. Mtoto wa mbwa kwa kawaida huanza akiwa na miezi 3, ingawa kwenye kampeni za kijiji huchanjwa mbwa wote wanaoletwa, hata wadogo.

Anayekuhudumia ni afisa mifugo wa kata yako. Usipomjua, uliza ofisi ya kata. Hakikisha anakupa kadi au cheti chenye tarehe, aina ya chanjo na sahihi yake. Kadi hiyo ndiyo utakayoionyesha mwenye nyumba ya wageni, nahodha wa boti, au muuguzi siku mbwa wako atakapomparura mtu. Piga picha ya kadi kwa simu, halafu ile ya karatasi iweke kwenye mfuko wa plastiki. Mwulize pia kuhusu kibali cha kumsafirisha mnyama kama unatoka wilaya moja kwenda nyingine. Ukikusudia kuvuka Mutukula kwenda Uganda, mambo ni mazito zaidi: unahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo na vibali vya pande zote mbili, na hayo hayafanyiki siku moja.

Uzito wa jambo hili ni huu. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa kama vifo 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna hospitali itakayomwokoa, iwe Bukoba au London. Lakini kabla ya dalili, sindano zikitolewa kwa wakati huokoa karibu kila mtu. Shirika la Afya Duniani na wenzake wamejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Njia yenyewe ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100 wa eneo.

Wenzetu wa Pemba wametufundisha kitu ambacho watu wa visiwa vya Muleba wanapaswa kukijua. Pemba ilifanikiwa kukimaliza kichaa kwa kuchanja mbwa, lakini mwaka 2016 kikarudi, na watafiti waliofuatilia virusi vyenyewe walikuta kwamba kiliingizwa kutoka nje mara mbili tofauti. Chanjo zikarudiwa, kikamalizwa tena kufikia 2018. Kwa hiyo unapopanda mtumbwi na mbwa asiye na kadi kwenda Goziba au Bumbire, unaweza kuwa ndiye unayepeleka kisiwani ugonjwa ambao haukuwapo, mahali ambapo safari ya kwenda hospitali ni saa kadhaa majini na inategemea upepo.

Mbwa akimuuma mtu kambini

Sehemu hii isome taratibu, na uwasomee mtakaosafiri pamoja.

Cha kwanza ni maji na sabuni. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Tazama saa ya simu. Kama hakuna bomba, mmoja amimine maji kutoka kwenye jerikeni na mwingine aoshe. Sabuni ya kufulia inafaa kabisa. Virusi vya kichaa vinauawa na sabuni, na kuosha huku peke yake kunapunguza sana hatari. Baada ya hapo paka dawa ya iodini au spiriti kama ipo.

Usiweke masizi, kitunguu, mafuta ya taa, unga wa kahawa, nywele za mbwa aliyeuma wala jiwe jeusi. Haya yote tumeyasikia kwa wasikilizaji wetu, na hakuna hata moja linaloua kirusi. Usilifunge jeraha kwa nguvu wala kumruhusu mtu yeyote alishone haraka.

Cha pili ni kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo, hata kama ni mkwaruzo, hata kama mbwa alilamba tu penye kidonda au machoni. Kabla hujasafiri, piga simu uulize kama chanjo ya kichaa ipo, kwa sababu zahanati nyingi hazina na hata hospitali huishiwa. Kwa Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Muleba kuna Hospitali ya Rubya, na kwa aliye Kamachumu iliyo karibu ni Ndolage. Namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199, inaweza kukuelekeza. Sindano ya kwanza hutolewa siku unapofika, nyingine siku ya 3, nyingine siku ya 7, na kutegemea utaratibu wa hospitali huongezwa moja baadaye. Kama jeraha limechimbika au liko kichwani na shingoni, mwulize daktari kuhusu dawa ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe. Usiache sindano katikati kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Kila mtu hujisikia vizuri katika wiki hizo. Ugonjwa kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kujitokeza, na wakati mwingine zaidi.

Cha tatu ni mbwa mwenyewe. Usimuue. Mbwa aliye hai na anayeonekana mzima afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, na atazamwe kwa siku 10. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku ile alipouma, ataugua au kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima siku ya 10, daktari anaweza kusimamisha sindano za aliyeumwa. Lakini zinaanza mara moja, hazisubiri siku hizo 10. Kama mbwa amekufa, usimguse kwa mikono mitupu na usimponde kichwa, maana kipimo hufanywa kwenye ubongo. Mjulishe afisa mifugo.

Watoto ndio wanaoumwa zaidi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, karibu watu 40 kati ya 100 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa wana umri chini ya miaka 15. Na mtoto akiumwa huku akicheza na mbwa wa watu, mara nyingi hasemi, akiogopa kuchapwa. Kambini waambieni watoto tangu siku ya kwanza kwamba atakayesema hataadhibiwa.

Akiumwa mbwa wako na mbwa msiyemjua au na mnyama wa porini, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, osha jeraha lake vilevile, na mpeleke kwa daktari wa mifugo akachanjwe tena upesi, hata kama kadi yake haijaisha muda. Atafungwa na kutazamwa kwa wiki kadhaa.

Ziwani

Mbwa anapenda maji, na mamba anampenda mbwa. Mnyama anayepiga maji ufukweni ni mwito kwa mamba, na mwenye mbwa humfuata mbwa wake majini bila kufikiri. Waulize wavuvi wa mwalo wa karibu kabla mbwa hajalowesha hata mguu. Wao wanajua ni ghuba ipi ina mamba na ni ipi watoto wanaoga. Kwenye mafunjo na matete asiingie kabisa.

Kiboko ni habari nyingine. Usiku hutoka majini kwenda kula majani, na hupita njia yake ileile. Ukiona njia pana iliyokanyagwa kutoka majini, yenye kinyesi kilichotawanywa pembeni, usitundike hema hapo. Mbwa akimbwekea kiboko hatashinda. Atakimbia, na atakimbilia kwako.

Kichocho kipo katika ziwa letu na kinaingia kwa ngozi ya binadamu majini, kwa hiyo usiingie kumwogesha mbwa ukiwa umesimama kwenye maji yaliyotuama. Chota maji, mwogeshee nchi kavu. Kwenye boti, mbwa afungwe kamba fupi katikati, chini, si kwenye ukingo. Vaa jaketi la kuokolea maisha, na boti ikijaa subiri nyingine. Watu wa Bukoba hatuhitaji kuelezwa hili. Mei 21, 1996 bado tunaikumbuka.

Mapango na popo

Magenge yetu yana mapango na miamba iliyojiinamia, mingine ikiwa na michoro ya kale kama ile ya Bwanjai. Mvua ikinyesha, pango linavutia kuliko hema. Usilale humo kama kuna popo, na usimwache mbwa aingie.

Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg hapa kwetu Bukoba Vijijini. Walihesabiwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki, kabla mlipuko haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Januari 2025 ukatokea tena, safari hii Biharamulo. Virusi hivyo huishi ndani ya aina ya popo wanaokula matunda na kulala mapangoni kwa maelfu. Mwaka 2008 watalii wawili, mmoja Mholanzi na mwingine Mmarekani, waliugua kwa nyakati tofauti baada ya kuingia kwenye pango moja lenye popo magharibi mwa Uganda, Mholanzi alifariki. Hawakuwa wachimbaji wala wawindaji. Walikuwa watu waliokwenda kuona. Mbwa aingiaye humo hutoka na kinyesi cha popo kwenye manyoya, kisha hulala miguuni pako. Akiokota popo aliyekufa, usimnyang'anye kwa mkono mtupu.

Wadudu

Upande wa Burigi na Biharamulo kuna mbung'o. Wengi wanajua kwamba mbung'o huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Wachache wanajua kwamba mbwa huugua pia, na huugua vibaya. Homa, uso au miguu kuvimba, kukonda, na ile dalili ambayo mwenye mbwa huiona mwenyewe: jicho kuwa jeupe kama limemwagiwa maziwa. Mbwa mwenye jicho hilo baada ya safari anahitaji daktari, si dawa ya macho ya duka la dawa.

Kupe wako kila mahali ng'ombe walipochungwa, yaani rweya yote. Mpitishie mbwa mikono kila jioni: ndani ya masikio, shingoni chini ya mkanda, kwapani, kati ya vidole. Kupe ang'olewe kwa kibano karibu na ngozi, avutwe polepole bila kuminywa tumbo. Ufizi ukiwa mweupe au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, kupe ameshaacha ugonjwa. Dawa za kuogeshea ng'ombe zisitumiwe kwa kukisia kipimo. Mbwa hulamba manyoya yake na kujilisha sumu. Funza nao humpata mbwa kwenye nyayo, hasa penye vumbi la mabanda, na kutoka kwake huja kwa watoto.

Nawe lala ndani ya chandarua. Muleba ndiko ulikofanyika utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba vyandarua vilivyoongezwa dawa ya PBO huzuia malaria vizuri kuliko vile vya kawaida, matokeo yakichapishwa mwaka 2018. Itakuwa aibu mtu wa Muleba kuugua malaria kwa kusahau neti nyumbani.

Chakula na usiku

Mpikie mbwa kile anachokula nyumbani. Ugali na dagaa waliochemshwa bila chumvi na bila kitunguu unatosha kwa siku mbili tatu. Mifupa ya kuku iliyopikwa na miba ya sangara humchana utumbo. Maji, mbwa wa kilo 15 huhitaji karibu lita moja kwa siku, zaidi mkipanda mlima.

Kahawa tuitaje peke yake, maana hapa ndipo Kagera. Zile kahawa za kutafuna tunazompa mgeni, mbwa akizipata mfukoni atazila zote. Kilicho ndani yake kinachokuchangamsha wewe humwenda mbwa vibaya: moyo hukimbia, anatetemeka, anaweza kupata degedege na kufa. Ziweke juu. Lubisi pia si kinywaji cha mbwa, hata kama wazee huona ni kichekesho. Senene wa Novemba hawana neno akiokota wachache, mradi hawajakaangwa kwa chumvi na kitunguu.

Usiku mbwa asiachwe huru. Watu hudhani wamekwenda na mlinzi, wakamfungulia azunguke. Chui na fisi, mahali walipo, humchukulia mbwa kuwa mlo, na mahali wasipo kuna mitego ya waya. Mfunge kamba karibu na mlango wa hema, au alale ndani. Akibweka upande mmoja bila kuacha, washa tochi na utazame ukiwa umesimama palepale. Nyoka wa kutema mate akimpata machoni, mmwagie maji mengi safi kwa dakika 15, kisha daktari.

Mvua ya upande wetu wa ziwa mara nyingi huja usiku wa manane au alfajiri, ikitanguliwa na radi, hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi. Usitundike hema chini ya mti mmoja ulio peke yake rweya wala kileleni kabisa. Mbwa aliyezoea kulala jikoni penye joto atapata baridi. Mtandikie gunia kavu. Moto, katika kiangazi, uwe ndani ya shimo lililozungushiwa udongo na uzimwe kwa maji. Rweya ikishika moto haisimami hadi kwenye kibanja cha mtu.

Njiani na kwa wenyeji

Mabasi mengi hayapokei mbwa. Kukodi Noah au kupatana na mwenye gari mapema ni bora kuliko kubishana stendi. Bodaboda hatuishauri. Kumtia mbwa kwenye gunia na kumfunga nyuma ya pikipiki ni mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayakataza. Ndani ya gari lililofungwa vioo juani joto hupanda haraka hata Bukoba yetu isiyo na joto kali. Usimwache humo mkiwa mnakunywa chai Kemondo au Muhutwe.

Ukipokelewa kwenye nyumba ya watu, mbwa abaki nje ya ua hadi mwenyeji aseme. Baadhi ya wenyeji ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa kwenye nguo au chombo yanadai kutoharishwa kabla ya sala. Wengine si Waislamu lakini hawajazoea mbwa kuwa karibu na sahani. Uwe na bakuli lake mwenyewe, usiazime sufuria. Kinyesi chake kifukie mbali na kisima na njia ya maji, kwa sababu minyoo ya mbwa huwapata watu.

Mkitaka kujua kama mbwa wenu anaweza safari, mjaribuni nyumbani kwanza. Tundikeni hema kibanjani, nyuma ya nyumba, mlale naye usiku mmoja. Mbwa anayebweka hadi asubuhi kwenye migomba anayoijua atafanya hivyohivyo Bumbire, na huko mtakuwa na majirani waliokesha ziwani wakivua dagaa.

Mkisharudi, mpekueni kupe tena kwa siku tatu, na mtazameni kwa wiki nne. Akikataa kula, akibadilika tabia, sauti ikikauka, taya likilegea na mate kutoka, mfungeni bila kumshika mdomo na mwiteni afisa mifugo. Mwambieni mlilala wapi, karibu na wanyama gani, na kama aliumana na mbwa mwingine. Kadi ya chanjo iwe tayari mkononi.